Mkono wa Mheshimiwa Fundi

Kabla ya mageuzi aliitwa fundi, basi. Mtu akitaka sketi ipunguzwe kiuno au suruali ibadilishwe zipu, alikwenda kibarazani kwake akamkuta ameinamia cherehani ya kukanyaga kwa miguu, pini tatu mdomoni, akajibiwa kupitia meno bila pini hata moja kudondoka. Baada ya mageuzi, alipochaguliwa kuwa diwani, wakaanza kumwita Mheshimiwa Fundi. Cherehani ikabaki ileile na kibaraza kilekile. Kilichoongezeka ni heshima, na heshima, alivyokuja kugundua, huletwa na walewale waliokuwa wakileta zipu, ila zipu huisha jioni ileile na shida ya mtaro ulioziba haiishi.

Mageuzi yenyewe, tuseme kweli, yalikuwa mazuri mno kwenye karatasi. Yalikuja ndani ya kitabu kinene chenye jalada la rangi mbili, kikisema serikali za mitaa sasa zinasogezwa karibu na wananchi. Ili kuzisogeza karibu, kata mbili zikaunganishwa kuwa moja, madiwani wakapunguzwa nusu, wakabaki kumi na watano, na ofisi ya kata ikafungwa ikageuzwa stoo ya kuhifadhia vile vitabu vyenye jalada la rangi mbili. Kata mpya ikawa na upande wa juu, mlimani, kwenye lami na taa za barabarani, na upande wa bondeni, anakokaa fundi, kwenye vumbi na ahadi. Mwenyekiti wa baraza la madiwani alisimama siku ya uzinduzi akasema, "Sasa tumekuwa wachache, tutasikilizana." Watu wakapiga makofi, na fundi naye akapiga kwa nguvu zake zote.

Kila diwani alipewa kishikwambi ili asihangaike tena na makaratasi. Cha fundi kilikuwa kizuri, chembamba, kinang'aa, na chaji yake ilidumu muda wa mtu kunywa chai asipokuwa na haraka. Hakuna aliyeuliza chaji hiyo itatoka wapi kwa mtu ambaye umeme wa bondeni unamtembelea kama mgeni. Kwa hiyo fundi akaendelea na utaratibu wake wa siku zote. Juu ya cherehani alikuwa amefunga kamba kutoka nguzo hadi nguzo, na kwenye kamba hiyo alibana kwa pini vikaratasi alivyokata kutoka kalenda za zamani, kila kimoja na vipimo vya mteja. Alipopata udiwani akagawa kamba katikati. Kushoto vipimo vya wateja, kulia malalamiko ya wananchi. Aliyekuja na kitambaa alipimwa akaandikwa, aliyekuja na bomba lililopasuka alisikilizwa akaandikwa, na waliokuja na vyote viwili walikuwa wengi.

"Mheshimiwa Fundi, gauni langu utalimaliza lini?"

"Ijumaa."

"Na lile bomba?"

Hapo ndipo fundi aliporudisha pini mdomoni.

Vikao vya baraza vilikuwa kila mwezi, kuanzia asubuhi hadi alasiri, katika ukumbi wa halmashauri. Ukumbi ulikuwa na feni tano, mbili kati yake zikizunguka. Vipaza sauti vilikuwa viwili kwa watu kumi na watano, na mtu akitaka kusema husubiri kimpitie kama bakuli la kunawia. Nyuma palikuwa na mabenchi ya wananchi wanaotaka kusikiliza, nayo mara nyingi yalikaliwa na wazee wanaokimbia jua. Kanuni mpya zilimpa kila diwani dakika tatu za kusema, kengele ikilia kipaza sauti kinazimwa hata kama uko katikati ya neno. Taarifa za kikao zilitumwa kwenye vishikwambi asubuhi ya kikao, kurasa mia na kitu, ili waheshimiwa wapate muda wa kutosha wa kuzipitia wakati wanatafuta viti.

Na palikuwa na mtindo wa kupitisha mambo. Mwenyekiti, mtu wa mwili ulioshiba na sauti ya kubembeleza, hutaja nambari tu. "Nambari sita. Inaungwa mkono?" Mkono wowote ukionekana juu, karani wa vikao anaandika jina. "Wanaosema ndiyo?" Ukumbi mzima unaitikia, "Ndiyooo." "Wanaosema siyo?" Lakini hilo huliuliza huku ameshafungua ukurasa wa nambari saba. Siku nyingine nambari ziliunganishwa, moja hadi kumi, kumi hadi ishirini, ili kuokoa wakati wa chakula. Fundi alikuwa mwitikiaji hodari. Ana sauti nzuri tangu utotoni, na "ndiyo" yake ilitoka kifuani, ndefu, ya mtu aliyeshiba demokrasia.

Alikuwa na siri moja ndogo, ingawa kila aliyekaa karibu naye aliijua. Siku ya kikao ni siku ambayo cherehani haikanyagwi, na wateja hawana habari na vikao. Kwa hiyo alibeba mkobani kazi za mkono, mapindo ya sketi za wanafunzi, vifungo, matundu ya vifungo, akazishona mapajani, chini ya meza, kishikwambi kikiwa kimelala juu ya goti. Mwenyewe alijitetea kwamba masikio hayashoni. Anaweza kusikiliza huku mikono inafanya kazi, ni mwanamke amelea watoto na kupika na kushona kwa wakati mmoja, atashindwa kusikiliza wanaume wanane wakisoma takwimu?

Sasa kuna mama yake. Mama alikaa naye nyumba moja, chumba cha mbele chenye dirisha la kutazama njia, na alikuwa anajivunia udiwani wa bintiye kuliko bintiye mwenyewe. Alikuwa na ugonjwa wa sukari, na kidonda mguu wa kushoto, kwenye kidole kile cha kati, kinachotaka kusafishwa kila siku bila kukosa. Kwa bahati zahanati ya bondeni ilikuwa nyumba ya nne kutoka kwao. Mama aliijua zahanati ile kama kiganja cha mkono wake, maana aliifagia miaka ishirini na mmoja kabla ya kustaafu, na mpaka leo akiingia hushika ukuta mahali palepale. Anaoga, anavaa khanga, anakwenda, anasafishwa, anapiga soga na nesi, anarudi kabla uji haujapoa.

Halafu asubuhi moja wakakuta lango limefungwa kwa kufuli, na bango jeupe limegongelewa. "Kituo hiki kimeoanishwa." Watu walilisoma bango wakaulizana kuoanishwa ni nini, ni kupakwa rangi au ni kuhamishwa. Nesi, aliyekuja kuchukua koti lake, akawaambia maana yake ni kwamba dawa na kitanda na yeye mwenyewe wamepelekwa mlimani, kwenye zahanati ya upande wa juu. Kutoka bondeni hadi huko ni mwendo wa saa nzima kwa mtu mwenye miguu miwili mizima, kupanda tu, hakuna kushuka.

"Nani kaifunga?" mama aliuliza.

"Wakubwa, mama," fundi akajibu, akiwa na hasira ya kweli. "Wanakaa huko juu wanachora mistari. Hawajui hata bondeni kuna watu."

"Na wewe si umo humohumo, mwanangu?"

"Mimi diwani tu, mama. Vitu kama hivi wanaamua wakubwa."

Mama akatikisa kichwa, akawalaani wakubwa kwa muda mrefu na kwa ufasaha, na fundi akaitikia kila laana. Tangu siku hiyo kila aliyekuja kibarazani na swali la zahanati alipewa jibu lilelile, wakubwa, na kikaratasi kikabanwa upande wa kulia wa kamba. Vikafika arobaini. Mama akawa anapandishwa mlimani kwa pikipiki siku inapopatikana, na siku isipopatikana anakaa. Anajisafisha mwenyewe kwa maji ya chumvi, anafunga kitambaa, anasema leo pako nafuu. Mtu mzima akikwambia pako nafuu mara tatu kwa siku ujue anakudanganya.

Fundi akaandika hoja. Aliiandika vizuri, kwa maneno machache, kwamba baraza liamue zahanati ya bondeni ifunguliwe, nesi arudi, kitanda kirudi. Akaipeleka kwa karani, ikapangwa kwenye foleni, ikakaa miezi mitatu nyuma ya hoja ya rangi ya viti na hoja ya kuwapongeza waliobuni mageuzi. Siku yake ilipofika, kishikwambi kilikuwa kimekata roho toka alfajiri, lakini yeye si mtu wa kubabaishwa na kishikwambi. Hoja alikuwa ameinakili kwenye kikaratasi, ameibana kwenye kamba, akaichomoa haraka haraka asubuhi hiyo pamoja na sketi nne za kupinda, akaitia mkobani.

"Mheshimiwa Fundi, dakika tatu," mwenyekiti alisema bila kuinua macho.

Akasimama. Akashika kipaza sauti kwa mkono mmoja na kikaratasi kwa mwingine. Hii haikuwa nambari, hiki kilikuwa kidonda cha mama yake. Akasoma kwa ile sauti yake ya kifuani.

"Kiuno arobaini na sita. Hipsi hamsini na moja. Paja thelathini..."

Hapo akajisikia anachosoma. Akakodolea kikaratasi macho. Kilikuwa kile cha kushoto, cha suti ya mwenyekiti mwenyewe, aliyoagiza kwa ajili ya kuadhimisha miaka mitatu ya mageuzi. Akatazama huku na huku akingoja kicheko, maana kicheko kingemwokoa, angeomba radhi na kuanza upya. Diwani wa kulia alikuwa anatazama mpira kwenye kishikwambi. Wa kushoto alikuwa amefumba macho, akitafakari kwa mkoromo. Mwenyekiti, mwenye kiuno chake, alikuwa anasaini kitu.

"Mheshimiwa mwenyekiti, samahani, nime..."

"Ahsante sana Mheshimiwa kwa hoja fupi na yenye mashiko," mwenyekiti akasema. "Inaungwa mkono? Naona mkono pale. Wanaosema ndiyo?"

"Ndiyooo."

"Wanaosema siyo, nambari tisa."

Na kipaza sauti kikachukuliwa mkononi mwake, kikaendelea na safari.

Siku ile alirudi nyumbani anacheka na kulia kwa zamu. Aliwasimulia wateja mmoja mmoja, akiigiza mkoromo, akiigiza "ndiyooo", na kila mtu alishika mbavu. Hao ndio wanaotuongoza! Watu wazima, wamevaa suti, wamepitisha hipsi! Hakuna anayesikiliza mle ndani, alisema, hata mmoja. Alifurahia sana kulisema hilo, na hakuna aliyemuuliza yeye huwa anafanya nini mle.

Kesho yake asubuhi akaenda kwa karani wa vikao kurekebisha mambo. Karani alikuwa mzee mkavu, mwenye miwani iliyofungwa uzi kwenye sikio moja, anayeandika mihtasari kwa kalamu ya wino kabla ya kuingiza kwenye mfumo, kwa sababu mfumo, alisema, una tabia za kitoto. Chumba chake kilijaa majalada hadi dirishani. Akamkaribisha fundi kiti kwa adabu, akafungua daftari kubwa, akamsomea bila hata kutabasamu: "Baraza limepitisha kwa kauli moja kiuno arobaini na sita, hipsi hamsini na moja na paja thelathini."

"Mzee wangu, umeandika hivyo kweli?"

"Ndivyo ilivyosemwa."

"Sasa tufute. Niwasilishe ile yenyewe mwezi ujao."

Karani akavua miwani. Haiwezekani, akaeleza kwa upole. Diwani akishatumia nafasi yake ya hoja, hapati nyingine mpaka mwaka uishe. Ni kanuni mpya, imewekwa ili hoja zisirundikane. Fundi akahesabu miezi kwa vidole. Mwaka mzima, na kidonda kile!

"Ila kuna njia moja," karani akasema. "Uamuzi wa kufunga zahanati ulipitishwa na baraza hilihili. Aliyeunga mkono uamuzi anaweza kusimama wakati wowote akaomba upitiwe upya. Hahitaji foleni. Inatosha aseme hadharani kwamba yeye ndiye aliyeuunga mkono, na kwamba anautengua mkono wake. Na baraza linalazimika kupiga kura."

Fundi akaruka kwenye kiti. "Baraza hilihili? Si wakubwa? Nionyeshe huyo mtu! Nitampigia magoti. Nitamshonea bure mpaka afe."

Karani akateremsha jalada, akapangusa vumbi, akapekua taratibu kwa kidole kilicholoweshwa mate. Akafika mahali, akaligeuza lielekee kwa fundi, akaweka rula chini ya mstari ili asipotee. Uoanishaji wa vituo vya huduma, nambari moja hadi kumi na tisa, kama ilivyo kwenye kiambatisho. Nambari kumi na nne ilikuwa zahanati ya bondeni. Umeungwa mkono na Mheshimiwa Fundi, diwani.

Alisoma mara tatu. "Huu ni uongo," akasema.

"Nilikuwepo, Mheshimiwa."

"Mimi niunge mkono zahanati yetu ifungwe? Mama yangu kaifagia miaka ishirini na mmoja!"

"Mwenyekiti aliuliza inaungwa mkono, nikainua macho, ukawa umenyanyua mkono kuelekea dirishani. Nikaandika."

Kuelekea dirishani. Hapo fundi akakumbuka, na kumbukumbu ilikuja nzima nzima. Zilikuwa sketi za shule, bluu, ishirini na mbili, wazazi wanazitaka Jumatatu. Uzi ulikuwa umemtoka sindanoni. Ndani ya ukumbi mle kuna giza, na tundu la sindano halionekani ila uinyanyue kwenye mwanga wa dirisha. Akainyanyua. Akafinya jicho, akapitisha uzi, akashusha mkono. Na pale watu walipoitikia, naye akaitikia, "Ndiyooo," kwa sauti yake nzuri, huku anafunga fundo.

"Nilikuwa natunga uzi, mzee wangu," akasema kwa sauti ndogo.

"Huenda," karani akajibu. "Lakini mimi huandika mikono, siandiki sindano."

Ungedhani mtu aliyepata ufunguo atakimbilia kufuli. Fundi hakukimbia popote. Alirudi kibarazani akakaa mbele ya cherehani bila kukanyaga. Njia ilikuwa wazi, tena rahisi, kusimama na kusema maneno machache. Tatizo ni kwamba maneno hayo yangesikika bondeni kabla yeye hajafika nyumbani. Vikaratasi arobaini vilikuwa vinaning'inia mbele ya macho yake, na kila mwenye kikaratasi alikuwa ameambiwa wakubwa. Mama alikuwa ameambiwa wakubwa. Alijaribu kutafuta mlango wa pembeni. Akamwomba karani afanye kimyakimya, karani akamwangalia kama mtu aliyemwomba avue nguo. Akajiambia pengine mwenyekiti ataifungua zahanati mwenyewe kwa huruma yake, na wazo hilo lilimchekesha hata yeye.

Kikao cha mwezi uliofuata kilipofika, akatuma ujumbe kwamba anaumwa kichwa. Alishona siku nzima, kwa bidii ya ajabu, akamaliza kazi za wiki mbili. Mama akapita na fimbo yake akauliza, "Leo si kikao?" Akajibu kimeahirishwa. Jibu lilitoka kirahisi tu.

Siku mbili baadaye mama aliamka na homa, mguu umevimba hadi kwenye goti na kidole kimegeuka cheusi. Wakamkimbiza hospitali kubwa. Daktari, kijana mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi, hakuwa na muda wa kupamba maneno. Alisema kidole hakiokoki, kinakatwa alasiri hiyo, na akauliza kwa nini kidonda cha namna hiyo hakikuwa kinasafishwa kila siku. "Hamna zahanati huko kwenu?" Fundi akasema ilifungwa. "Watu wengine hawana utu kabisa," daktari akasema, akaenda zake. Fundi alibaki ameegemea ukuta wa korido, amekumbatia kandambili za mama yake, na alijichukia.

Kikao kilichofuata alikwenda bila mkoba. Mikono ilikosa pa kukaa. Alikuwa amepanga kusema haraka, katikati ya nambari, wakati ukumbi umelala, ili aandikwe bila kusikika, kama hipsi zilivyopita bila kusikika. Mpango mzuri sana wa kidiwani. Lakini alipogeuka kutazama nyuma akawaona watu wa bondeni wamejaa kwenye mabenchi, na mbele yao kabisa, mguu umenyooshwa na bendeji nyeupe, mama yake. Alikuwa amewaomba majirani wamlete. Alitaka, aliwaambia, amwone binti yake akiwasema wakubwa.

Fundi akanyanyua mkono. Kipaza sauti kikamfikia.

"Mheshimiwa mwenyekiti, uamuzi nambari kumi na nne, wa kufunga zahanati ya bondeni, naomba upitiwe upya. Kanuni inataka aombe yule aliyeuunga mkono." Akakisogeza kipaza sauti karibu zaidi. "Aliyeuunga mkono ni mimi."

Feni zile mbili zikasikika. Diwani wa mpira akafunika kishikwambi chake. Mwenyekiti akainua macho kwa mara ya kwanza tangu mageuzi, akaona mabenchi yaliyojaa, akaingiwa na huruma ya kisiasa. "Nadhani Mheshimiwa anamaanisha," akasema kwa sauti ya kubembeleza, "kwamba taarifa hazikumfikia kwa wakati. Changamoto za mfumo. Karani aandike hivyo."

Ulikuwa mlango wa pembeni, umefunguliwa kabisa, na zulia limetandikwa. Fundi aliutazama.

"Hapana, mwenyekiti. Zilinifikia. Zilikuwa mapajani kwangu, chini ya sketi za watu. Sikusoma, na sikusikiliza. Nilinyanyua mkono kutunga uzi, nikasema ndiyo bila kujua nasema ndiyo kwa nini. Halafu nikawaambia watu wa kwetu ni wakubwa ndio waliofunga. Mwezi uliopita nilishajua ni mimi, nikajifanya naumwa nisije kusema. Mkono ule nautengua. Sina la ziada."

Dakika mbili zilikuwa bado zimebaki. Hakuna aliyejua la kuzifanyia. Ndipo likatokea jambo ambalo kitabu cha rangi mbili hakikuwahi kulitabiri, waheshimiwa kumi na wanne wakafungua vishikwambi vyao wakaanza kutafuta ni wapi mikono yao wenyewe ilionekana juu. Mmoja akanong'ona, "Mungu wangu, shule." Mwenyekiti akauliza wanaosema ndiyo, na ile "ndiyo" ilitoka vipande vipande, kila mtu na yake, kwa sauti ya watu wanaosoma kwanza. Akauliza wanaosema siyo, akangoja. Hapakuwa na mmoja. Karani akaandika pole pole, akapuliza wino ukauke.

Kwenye mabenchi hakuna aliyepiga makofi. Mwanamke mmoja mwenye kikaratasi chake kwenye kamba ya fundi alisema "Kumbe!" kwa sauti ya kusikika, akatoka nje. Fundi akamwendea mama yake, akainama amshike mkono. Mama aliutazama ule mkono muda mrefu kabla ya kuushika.

"Nirudishe nyumbani," akasema.

Zahanati ilifunguliwa baada ya wiki tatu. Kufuli liliondolewa, bango likang'olewa likaacha matundu ya misumari, kitanda kikarudi na nesi yuleyule akarudi na koti lake. Kibaraza cha fundi kilikuwa kimepungua watu. Wengine walisema hawampi tena kura, wengine hawampi tena kitambaa, na wachache walikuja kama zamani, ila walipomweleza shida walimwambia kwanza aweke sindano chini. Alikuwa anaiweka. Mama alikula chakula chake na kujibu alipoulizwa, lakini tangu siku ya kikao hakuwahi kumwita mwanangu.

Asubuhi ya kwanza walikwenda pamoja, nyumba nne, hatua kwa hatua. Mama alishika ukuta mahali pake pa siku zote, akaketi kwenye benchi, akanyoosha mguu. Nesi alifungua bendeji taratibu, kisha akavuta kadi mpya na kalamu.

"Pole sana, bibi. Hiki kidole kilikatwa lini?"

Mama alitazama dirishani. "Muulize Mheshimiwa," akasema. "Tarehe anaijua yeye."

Nesi akamgeukia fundi, kalamu iko tayari. Fundi akaitaja siku na mwezi, na nesi akaandika.